Mtoto ana testi ya kwanza ya takwimu chuoni, mzazi asaidie vipi?

Mtoto anapochaguliwa kujiunga na chuo, nyumbani hupigwa hesabu nyingi: ada, chumba, godoro, nauli, pesa ya chakula. Mara chache mzazi hujua kwamba mtoto naye, akishafika tu, anakutana na hesabu ambazo hakuzitarajia. Aliyekwenda kusomea uuguzi, ustawi wa jamii, biashara, kilimo au ualimu anafungua ratiba na kukuta somo la utangulizi wa takwimu.

Wengi wao walidhani hesabu waliziacha kidato cha nne. Wengine walichagua kozi kwa sababu hiyohiyo, wakiamini wamezikwepa. Sasa zimewafuata.

Vyuo vingi nchini hufungua mwaka wa masomo Oktoba au Novemba. Wiki chache baadaye, kabla mgeni hajazoea hata njia ya kwenda maktaba, inatangazwa testi ya kwanza. Hapo ndipo simu za nyumbani hubadilika. Mtoto anajibu kwa mkato, hapokei usiku, au anasema "niko poa tu, mama" kwa sauti ambayo mama anajua si ya mtu aliye poa.

Testi hiyo si ya kujifurahisha. Katika vyuo vingi alama zake huingia kwenye kapu moja na alama za mtihani wa mwisho wa muhula. Anayepata kidogo mwanzoni anaingia kwenye mtihani huo akiwa na deni la kulipa. Akishindwa, anarudi kufanya sapu wakati wenzake wako likizo. Mambo yakiharibika zaidi, anadisko, na familia iliyouza ng'ombe au kukopa kwenye kikoba inabaki na maswali.

Lakini madhara makubwa zaidi huanza kimyakimya. Mtoto anapata alama mbaya, anajiambia "mimi si mtu wa hesabu", kisha anaacha kuhudhuria. Akifika hapo, kilichomshinda ni lile neno alilojiambia.

Mzazi wa kawaida anaposikia neno takwimu hujiondoa mapema. "Hayo ni ya wasomi, mwanangu, mimi sitakuwa na msaada." Hapo anakosea. Katika masomo yote ya mwaka wa kwanza, hili ni mojawapo ambalo mzazi asiyelisoma anaweza kulisaidia sana, kwa kuwa mambo yake yanatoka sokoni, jikoni na barabarani. Hahitaji kujua kanuni hata moja. Anahitaji kuuliza maswali mazuri na kusikiliza majibu.

Jibu si mwisho wa swali

Hesabu za sekondari zilimzoesha mtoto kutafuta jibu, kulipigia mstari na kwenda swali linalofuata. Takwimu haziishii hapo. Baada ya jibu, mwalimu anauliza: jibu hili linatuambia nini? Wanafunzi wengi hupoteza alama mahali hapo, wakiwa na namba sahihi mkononi na wasijue la kusema juu yake.

Chukua mfano wa mama anayeuza samaki. Kwa siku saba ameuza kama ifuatavyo: Sh20,000, Sh22,000, Sh18,000, Sh21,000, Sh19,000, Sh20,000, na siku ya saba, kwa kuwa mtaani kulikuwa na harusi, akauza Sh90,000.

Jumla ni Sh210,000. Ukigawa kwa siku saba, wastani ni Sh30,000 kwa siku. Hesabu ni sahihi kabisa. Lakini katika siku hizo saba, hakuna hata siku moja aliyouza Sh30,000. Siku sita aliuza chini ya hapo, na moja aliuza mara tatu yake.

Sasa zipange namba hizo kuanzia ndogo hadi kubwa: 18,000, 19,000, 20,000, 20,000, 21,000, 22,000, 90,000. Ile iliyokaa katikati, ambayo darasani huitwa mediani, ni Sh20,000. Iliyojirudia mara nyingi zaidi, yaani modi, nayo ni Sh20,000. Hizo ndizo zinazoeleza siku ya kawaida ya mama huyu. Akipanga matumizi ya nyumbani kwa kutegemea Sh30,000 kila siku, wiki inayofuata atakuwa anakopa.

Mtoto anayeweza kumweleza mama yake jambo hili kwa Kiswahili cha kawaida, bila kusoma popote, ameelewa sehemu kubwa ya mada ya kwanza. Anayeweza kukokotoa tu, bado.

Kijiko cha mchuzi

Mada nyingine inayowasumbua wageni ni tofauti kati ya kundi zima na sampuli. Kila jikoni jambo hili linafanyika. Mpishi hanywi sufuria nzima ya mchuzi ili kujua kama chumvi imekolea. Anakoroga, anachota kijiko kimoja, anaonja. Kijiko ndicho sampuli, sufuria ndiyo kundi zima.

Asipokoroga, kijiko kitamdanganya, hata akichota kikubwa. Ndivyo ilivyo kwa mtafiti anayetaka kujua hali ya wanafunzi wa chuo kizima halafu akawauliza marafiki zake wa chumba kimoja tu.

Sensa ni kinyume cha kijiko, kwa kuwa inahesabu kila mtu. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchini Tanzania. Kazi ya namna hiyo ni kubwa na ya gharama, ndiyo maana hufanyika kila baada ya miaka kumi, na katikati yake tafiti hutegemea sampuli. Mzazi aliyehesabiwa siku ile anaweza kumuuliza mtoto: mbona sisi tulihesabiwa wote, na huko kwenu mnasema watu mia chache wanatosha? Jibu la swali hilo ni nusu ya somo.

Bodaboda wawili

Mada inayotisha zaidi kwenye testi ya kwanza huwa ni kipimo cha mtawanyiko, ambacho wanafunzi hukiogopa kwa sababu kanuni yake ni ndefu na ina kipeo cha pili. Maana yake ni nyepesi kuliko sura yake.

Mzee mmoja ana pikipiki mbili na vijana wawili. Kwa siku tano, kijana wa kwanza ameleta Sh9,000, Sh10,000, Sh11,000, Sh10,000 na Sh10,000. Wa pili ameleta Sh2,000, Sh18,000, Sh5,000, Sh20,000 na Sh5,000. Kila mmoja ameleta jumla ya Sh50,000, wastani Sh10,000 kwa siku. Kwa wastani pekee, vijana hawa ni sawa.

Lakini mwenye pikipiki hawezi kuwaona sawa. Wa kwanza anatabirika, wa pili leo hivi na kesho vile. Kipimo cha mtawanyiko kinaipa tofauti hiyo namba. Kwa siku hizo tano, cha kijana wa kwanza ni kama Sh632, cha wa pili ni kama Sh7,457. Namba ndogo inasema siku zinafanana, kubwa inasema zinaachana mbali.

Hapa pana mtego ambao hurudi mitihani nenda rudi. Ikiwa siku tano hizo ndizo zote tunazozizungumzia, hatua ya mwisho kabla ya kipeuo cha pili ni kugawa kwa tano. Zikiwa ni sampuli ya siku nyingi zaidi, inagawiwa kwa nne, yaani idadi ukitoa moja, na majibu yanakuwa kama Sh707 na Sh8,337. Mwanafunzi aliyekariri kanuni bila kusoma swali huchagua moja kwa kubahatisha. Mzazi hahitaji kujua hesabu hiyo. Anaweza kuuliza tu: "Swali limesema ni wote, au ni baadhi?"

Mtoto wa tano

Testi nyingi za mwanzo hugusa pia uwezekano. Mtaani utasikia: "Wamepata wasichana wanne mfululizo, wa tano lazima awe mvulana." Kwa kila uzazi uwezekano ni karibu nusu kwa nusu, na mtoto anayekuja hana habari na dada zake waliotangulia. Matukio ya namna hiyo hayategemeani.

Lakini swali linaweza kugeuzwa: kabla hawajazaa hata mmoja, uwezekano wa kupata wasichana watano mfululizo ulikuwa kiasi gani? Ukichukua nusu kwa kila mmoja, unazidisha nusu mara tano na kupata 1 kati ya 32. Maswali hayo mawili yanafanana kwa masikio na yanatofautiana kwa majibu. Mwanafunzi anayeyatofautisha hawezi kukamatwa kirahisi.

Kusoma desa mara nne hakutoshi

Wanafunzi wengi hujiandaa kwa kusoma desa tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, kisha kurudia. Kila wakirudia, inaonekana rahisi zaidi, na wao huamini wameelewa. Kumbe wamezoea sura ya maandishi tu.

Watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walichapisha mwaka 2006 jaribio lililolinganisha namna mbili za kusoma. Kundi moja lilisoma habari fulani mara nne. Jingine liliisoma mara moja, kisha likajipima mara tatu kwa kuandika kila linachokumbuka bila kutazama. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma waliongoza. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojipima walikumbuka asilimia 61, waliorudia kusoma asilimia 40.

Habari waliyosoma haikuwa ya hesabu, lakini funzo lake linalingana na wanachokiona walimu wengi wa takwimu. Mwanafunzi anatazama swali lililokwisha kufanywa ubaoni, anaitikia kwa kichwa, na siku ya testi anakwama hatua ya kwanza. Kutazama mwenzako akipika hakukufanyi mpishi.

Kwa hiyo swali la mzazi lisiwe "umesoma?" Jibu lake daima ni "nimesoma". Aulize: "Leo umefanya maswali mangapi bila kutazama majibu? Lipi limekukwamisha?"

Wiki mbili kabla

Mtoto akisema testi ni baada ya wiki mbili, kuna mpangilio rahisi ambao familia inaweza kumkumbusha bila kumsumbua.

Siku mbili za kwanza aandike kwenye karatasi moja mada zote zilizofundishwa, na mbele ya kila moja aweke alama: naweza, nababaisha, siwezi. Karatasi hiyo ina faida kuliko maombi ya jumla ya "nisaidieni, sijui kitu". Mara nyingi mtoto hugundua kwamba asiyoyaweza ni mambo mawili au matatu.

Siku tano zinazofuata ashughulike na yale ya "siwezi" akiwa na mtu: mwalimu wa semina, mwenzake anayeelewa, au kikundi cha watu watatu wanne. Kikundi cha watu kumi na watano hugeuka kijiwe.

Siku tano baada ya hapo afanye maswali ya mitihani ya nyuma kwa saa, simu ikiwa mbali, kama vile yuko chumba cha mtihani. Asahihishe, na aandike kosa lilikuwa la aina gani. Makosa ya takwimu hujirudia: kutafuta mediani kabla ya kupanga namba, kukosea kubonyeza kikokotoo, kusahau kipimo kama ni shilingi au kilo, kuchora grafu bila kuandika majina ya mihimili, kukadiria namba mapema katikati ya hesabu. Mtu akishajua makosa yake mawili makuu, anajua pa kuwa macho.

Siku mbili za mwisho ni za kurudia kidogo na kulala. Kukesha usiku wa kuamkia testi ya takwimu ni hasara, kwa kuwa swali linahitaji kusomwa kwa utulivu, na kichwa kilichochoka husoma "angalau wawili" kikaelewa "wawili".

Kikokotoo nacho kisisahaulike. Mtoto azoee kile atakachoingia nacho. Wapo wanaofanya mazoezi yote kwa simu, kisha siku ya testi, simu zikiwa nje, wanaazima kikokotoo ambacho hawajui vitufe vyake. Mzazi mwenye uwezo mdogo akiulizwa atume nini mwezi huo, kikokotoo kiwe juu ya orodha.

Maneno ya simu

Yapo maneno yanayosemwa kwa mapenzi na yanayomwelemea mtoto. "Usituangushe, wewe ndiye tegemeo letu" ni mojawapo. Mtoto analijua hilo tayari, amelala nalo tangu siku aliyopanda basi. Akikumbushwa usiku wa kuamkia testi, haongezi juhudi, anaongeza hofu tu.

Jingine ni "Hata mimi hesabu zilinishinda, ni za ukoo." Mzazi anadhani anamfariji. Mtoto anasikia kwamba kushindwa kumeshaamuliwa. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2015, kwa watoto wa darasa la kwanza na la pili, uligundua kuwa wazazi wenye hofu kubwa ya hesabu waliowasaidia watoto wao mara kwa mara kazi za nyumbani, watoto hao walijifunza hesabu kidogo zaidi katika mwaka ule. Mwanachuo si mtoto wa darasa la kwanza, lakini hofu ya mzazi husikika hata kupitia simu.

Maneno yanayofaa ni mafupi. "Hebu nieleze ulichojifunza leo kama unamweleza bibi yako." Halafu mzazi anyamaze. Mtoto akikwama katikati ya maelezo, asichekwe wala asikemewe. Amegundua mwenyewe mahali pa kurudia, na amegundua kabla ya mwalimu.

Mtoto akilalamika "Nimekuja kusomea uuguzi, takwimu za nini?", mzazi anaweza kumtajia Florence Nightingale, Mwingereza anayehesabiwa kuwa mwanzilishi wa uuguzi wa kisasa. Alikusanya takwimu za vifo katika Vita vya Crimea na kuonyesha kwa michoro kwamba askari wengi zaidi walikufa kwa magonjwa yaliyoweza kuzuilika kuliko kwa majeraha ya vita. Mwaka 1858 akawa mwanamke wa kwanza kupokewa kuwa mwanachama wa chama cha wanatakwimu cha London. Namba zake zilikuwa sehemu ya uuguzi wake.

Anayesoma akitokea nyumbani

Si kila mwanachuo anaishi bwenini. Wengi hurudi nyumbani kila jioni, na hapo msaada unapimwa kwa saa, si kwa maneno. Binti anashuka kwenye daladala saa kumi na mbili jioni, anapika, anaosha vyombo, anawaogesha wadogo zake, anakaa dukani hadi saa nne usiku. Kaka yake aliye kozi hiyohiyo amekuwa mezani tangu magharibi. Matokeo yakitoka, inasemwa kwamba wasichana hawawezi hesabu.

Katika wiki hizo mbili, familia ikae chini na kugawana kazi upya. Saa mbili kila jioni, mlango umefungwa, redio imepunguzwa sauti, hakuna anayemtuma. Kwa nyumba ya chumba na sebule, inaweza kuwa ni kuamka alfajiri wakati wengine wamelala. Ni kitu kidogo, lakini hakuna mwalimu wa ziada anayeweza kukiziba kikikosekana.

Matokeo yakitoka

Yakiwa mazuri, mtoto apongezwe kwa alichofanya: alifanya maswali, aliomba msaada, alilala mapema. Akisifiwa kuwa ana akili tu, siku akikosa ataona akili imekwisha.

Yakiwa mabaya, swali la kwanza lisiwe "wenzako wamepata ngapi?" Liwe "karatasi umeiona?" Wanafunzi wengi hupokea alama na kuikimbia karatasi. Aiombe, akae nayo, ahesabu alama ngapi zilipotea kwa kutoelewa, ngapi kwa haraka, ngapi kwa kutomaliza. Mara nyingi atakuta zile za kutoelewa ni chache kuliko alivyodhani.

Kisha aende kwa mwalimu na swali mahususi. "Sielewi takwimu" halina jibu la dakika kumi. "Sielewi ni wakati gani nagawa kwa idadi ukitoa moja" linalo.

Testi ya kwanza ni namba moja tu. Somo lenyewe linafundisha kwamba mtu asitoe hukumu juu ya kundi zima kwa kuonja kijiko kimoja, na muhula bado una vijiko vingi. Mzazi akilisema hilo mapema, kabla matokeo hayajabandikwa, mtoto atakuwa na ujasiri wa kupiga simu nyumbani hata siku ambayo alama hazikuwa nzuri.